Nguzo Kumi na Moja za Mahurunga

Siku ya kwanza kazini nilivaa gauni la kanisani, jeupe, lenye mkanda kiunoni, na viatu vya kuazima kwa mama yangu mdogo. Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Nilikuwa nimefika Mtwara siku mbili kabla kutoka Mbinga, kwa basi lililokwama kwenye matope mara nne, na barua yangu ya ajira nilikuwa nimeificha ndani ya Biblia isije ikalowa. Barua ilisema nimekubaliwa kuwa Msaidizi wa Fundi Laini katika kituo cha simu. Baba yangu, ambaye alikuwa mwalimu, ndiye aliyeona tangazo gazetini na kunisukuma niombe, kwa kuwa nilifaulu fizikia kidato cha nne. Laini yenyewe sikujua ni kitu gani. Nilidhani ni kazi ya ofisini.

Mkuu wa Kituo alikuwa mtu mrefu, mpole, Mlutheri kutoka kaskazini, mwenye miwani aliyokuwa akiivua kila anapotaka kusema jambo zito. Aliisoma barua mara mbili, kisha akaivua.

"Hapa wameandika Leokadi."

"Ni Leokadia, mzee. Herufi ya mwisho imerukwa."

"Mimi nilikuwa nasubiri kijana wa kiume."

"Ni mimi niliyeandikiwa, mzee."

Aliniangalia gauni, akaangalia viatu. Hakucheka, na kwa hilo nilimheshimu tangu siku ile. "Mabinti huku tunawaweka bodini," akasema. "Kaa huko kwanza. Mambo ya laini tutayazungumza baadaye."

Ninyi mliozaliwa simu zikiwa mfukoni, niwaeleze bodi. Lilikuwa kabati la mbao, refu kama mtu, lenye matundu mengi mbele, kila tundu na mteja wake. Mteja wa mjini au wa kijijini alizungusha mpini wa simu yake, na huku kwetu kijimlango kidogo cha chuma juu ya tundu lake kilianguka, "ti!" Wewe opereta unachomeka kamba, unasema, "Mtwara," unauliza anamtaka nani, kisha unachukua kamba ya pili na kuichomeka kwa huyo anayetakiwa. Simu za mbali, za Dar es Salaam au Songea, ziliombwa asubuhi na pengine kupatikana jioni. Watu waliopanga foleni kuzisubiri walikuja na chakula.

Aliyenifundisha bodi alikuwa Salma, binti wa Chikongola, mkubwa kwangu kwa mwaka mmoja. Alikuwa na sauti ambayo watu walikuja ofisini kuitafuta. Wakimwona ni mfupi, mwembamba, amejifunga mtandio, walikataa kuamini. Siku ya kwanza niliunganisha simu ya daktari kwa muuza mafuta ya taa. Salma alichomoa kamba taratibu, akaomba radhi kwa wote wawili, kisha akanigeukia.

"Shoga, usilie. Mimi nilimuunganisha Mkuu wa Mkoa na mkewe mdogo wakati anamtaka mkewe mkubwa."

Hivyo ndivyo nilivyopata rafiki. Nilipanga chumba cha uani katika nyumba ya mwalimu mmoja kule Shangani, na jioni baada ya zamu Salma alikuja tukatembea ufukweni tukila karanga, tukizungumza habari za wateja bila kutaja majina, maana siri ya simu tuliiapia. Mimi ni Mkatoliki, yeye Mwislamu. Kwao nilifuturu, kwangu alikula Krismasi. Alinifundisha maneno ya Kimakonde ili nisiuziwe vitu kwa bei ya watalii, ingawa watalii wenyewe sikuwaona.

Lakini kila asubuhi niliwaona mafundi wa laini wakipakia ngazi na waya kwenye Landrover, wakienda nje, na mimi nabaki na matundu. Baada ya miezi sita nilimwendea Fundi Mkuu, aliyekuwa msimamizi wa laini zote za mkoa. Alikuwa Mmakonde wa Newala, mzee mwenye mikono iliyokauka kama gome, asiyesema maneno matatu pale mawili yanapotosheleza.

"Shikamoo, Fundi. Barua yangu inasema mimi ni wa kwako."

"Marahaba. Unaogopa urefu?"

"Sijui. Sijawahi kuwa juu."

Akafikiri. "Jibu zuri," akasema. "Kesho uvae suruali."

Kazi ya laini ilikuwa hivi. Nguzo zilikuwa za mbao zilizolowekwa kwenye dawa nyeusi ili mchwa wasizile. Juu yake kulikuwa na mikono ya chuma, na kwenye mikono vikombe vya kauri nyeupe, ambavyo kazi yake ni kuushika waya usiguse nguzo, umeme wa sauti usije ukapotelea ardhini. Waya zilikuwa mbili mbili, za shaba. Fundi alipanda kwa vipandio, yaani vyuma vyenye meno vinavyofungwa kwenye buti, na kiunoni alikuwa na mkanda mpana wa ngozi unaoizunguka nguzo. Mkanda ukikubeba, mikono yako inakuwa huru kufanya kazi. Kuuamini mkanda ndiyo mtihani. Mwili wote unakuambia ushike nguzo, na fundi anakuambia uiachie.

Mara ya kwanza nilipanda hatua nane nikaganda. Sikuweza kupanda wala kushuka. Jasho lilinitiririka mpaka kwenye macho. Chini alikuwepo Fundi Mkuu na kijana mmoja fundi aitwaye Bakari, mwenyeji wa Ziwani, aliyekuwa amenitangulia kazini kwa miaka miwili. Bakari hakunicheka wala hakunihimiza. Alianza kuniuliza habari za kwetu.

"Dada Leo, Mbinga mnalima nini?"

"Kahawa," nikajibu kwa meno yaliyobana.

"Inachumwaje?"

Nikaanza kueleza. Nikafika mahali pa kueleza jinsi tunda la kahawa linavyochumwa kwa vidole viwili, na nikajikuta nimeinua mkono mmoja kumwonyesha. Nilipotambua, mkono wa pili nao ulikuwa umeachia. Nilikuwa nimeegemea mkanda, na mkanda umenibeba.

"Basi," akasema Bakari. "Sasa panda."

Tukawa watu watatu wa gari moja: Fundi Mkuu, Bakari na mimi. Laini ya Mahurunga ndiyo tuliyoipenda. Ilitoka mjini, ikapita Ziwani kwenye mashamba ya mihogo na mikorosho, ikateremka mpaka karibu na mto Ruvuma. Tulipopita Ziwani mama yake Bakari alitupa ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini ambayo mgeni huila mara moja kwa adabu na mara ya pili kwa uchu. Mahurunga kulikuwa na simu mbili tu, moja ofisi ya kata na nyingine zahanati. Familia nyingi pale asili yao ni ng'ambo ya mto, Msumbiji. Walikuja wakati wa vita, wakalima mpunga, wakabaki. Siku moja laini ilikuwa imekufa kwa wiki tatu, tukaifufua, na mtu wa kwanza kuitumia alikuwa bibi mmoja aliyekuwa akisubiri habari za mwanawe aliyekwenda kufanya kazi Dar es Salaam. Aliisikia sauti ya mwanawe. Alikitoa kipokeo sikioni, akakitazama, akakirudisha, akaanza kumgombeza kwa Kimakonde kwa nini hajaandika barua. Bakari alinitafsiria huku akifuta macho. Nikajua nimepata kazi yangu ya maisha.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Kila mwaka kabla ya mvua tulikagua nguzo. Mchwa wa kusini ni hodari; dawa ikichoka wanaingia kupitia chini, wanaila nguzo moyo na kuacha ganda. Kwa macho utaiona nzima. Njia ya kuijua ni kuigonga kwa nyundo, kiunoni na karibu na ardhi, ukisikiliza. Nguzo nzima hujibu kwa mlio mkavu, mkali. Iliyoliwa hujibu kwa mlio mnene, kama mtu anayesema akiwa na chakula mdomoni. Iliyoliwa unaipiga alama ya rangi nyekundu, nayo haipandwi mpaka ibadilishwe. Kisha unajaza fomu, kila nguzo na namba yake, na unatia saini.

Mwaka wangu wa tatu Fundi Mkuu alinipa kipande cha mwisho cha laini ya Mahurunga nikague mwenyewe. Nilijivuna sana. Nilikuwa na siku nne, na siku ya nne iliangukia mkesha wa harusi ya Salma. Nilikuwa nimeahidi kufika kwao kabla ya alasiri, maana mimi ndiye niliyeombwa kukaa naye akipakwa hina. Saa saba mchana nilikuwa bado na nguzo kumi na moja. Jua lilikuwa kali, na lori la mpunga lilikuwa limesimama njiani likielekea mjini, dereva akiniita. Nikazitazama zile nguzo. Zilikuwa zimenyooka, nyeusi, safi. Nilikaa chini ya kivuli cha lori nikaziwekea alama ya vema zote kumi na moja kwenye fomu, nikatia saini, nikapanda.

Harusi ilikuwa nzuri. Nilicheza mpaka miguu ikavimba. Zile nguzo sikuzikumbuka hata mara moja.

Mvua zilianza, zikakolea. Mwezi wa pili laini ya Mahurunga ilikatika. Fundi Mkuu alikuwa Masasi kwa kazi nyingine, hivyo Mkuu wa Kituo alitutuma sisi wawili, Bakari na mimi. Gari lilitushusha pale maji yalipokuwa yameikata barabara, likageuka. Tukavuka kwa miguu, maji ya magoti, tumebeba vifaa kichwani. Karibu na kijiji tukauona ubovu. Tawi kubwa la mkorosho lilikuwa limeanguka juu ya waya, zikakatika upande mmoja wa nguzo. Ilikuwa nguzo ya tano katika zile kumi na moja. Niliitambua kwa namba.

Bakari alifunga vipandio. Nyundo ilikuwa kwangu, kwenye begi, chini ya simu ya majaribio. Aliniangalia.

"Hii uliigonga, Dada Leo?"

Nimekuwa na miaka mingi ya kulifikiria jibu langu. Ningeweza kutoa nyundo tu. Ningesema, "Ngoja tuigonge tena," naye asingeuliza kwa nini. Lakini fomu ilikuwa imesema ndiyo, na saini ilikuwa yangu, na mtu akishaandika uongo mmoja, mdomo wake hufuata maandishi.

"Niliigonga," nikasema.

Akapanda. Alifika juu, akafunga mkanda, akanyoosha mkono kuuvuta waya. Nguzo haikupiga kelele. Ililala tu, taratibu kwanza, halafu kwa kasi, naye amefungwa nayo. Ilikatika chini kabisa, pale ilipokutana na ardhi, na ndani palikuwa na vumbi jekundu.

Alianguka ubavu, nguzo ikamlalia paja. Wanaume waliokuwa kwenye jaruba la mpunga walikimbia wakaiinua. Alikuwa hai, amefumbua macho, uso umekuwa wa kijivu. Mguu ulikuwa umekaa mahali ambapo mguu haukai. Mama mmoja alivua kanga akaufunga. Wengine walikwenda kutafuta kitanda cha kamba cha kumbebea. Mganga wa zahanati alikuja mbio, akamtazama, akaniita pembeni.

"Huyu lazima afike mjini leo leo. Damu inavuja ndani. Liite gari."

Gari tungeliita kwa kitu gani, na laini imekatika? Lakini imekatika upande gani? Upande wa mjini huenda ulikuwa mzima. Nilichotakiwa kufanya ni kurudi nyuma, upande wa mjini, hadi nguzo inayofuata, nipande, nikate waya zilizoburutwa matopeni, na kuifunga simu ya majaribio kwenye zile ziendazo Mtwara. Simu ile ilikuwa ndani ya sanduku la ngozi, na mpini wake wa kuzungusha.

Nguzo iliyofuata ilikuwa ya nne katika zile kumi na moja. Nilitoa nyundo. Niliikosa mara ya kwanza. Nilipoipata, ilijibu kwa mlio mnene. Nayo ilikuwa imeliwa. Nilikimbia mpaka ya tatu, matope yakinivua buti moja. Nikaigonga kiunoni, nikaigonga chini, nikaizunguka nikaigonga kila upande. Ilijibu kavu. Nikaigonga tena, maana sikuyaamini masikio yangu. Kisha nikapanda, buti moja ina kipandio na mguu wa pili mtupu, nikiukumbatia mti ule kwa magoti. Nilipofika juu nikakata, nikafunga, nikazungusha mpini.

Kimya. Nikazungusha tena.

"Mtwara," ikasema sauti ya Salma.

"Salma, ni mimi. Bakari ameanguka."

Hakuniuliza ameangukaje. "Uko wapi?"

"Kabla ya Mahurunga. Amevunjika paja. Maji yamekata barabara."

"Nawaita hospitali, halafu nawaita watu wa Ziwani watoke na kamba pale kwenye maji. Usikate. Baki hapo juu uniambie."

Nikabaki. Nilikaa juu ya nguzo ile, mvua ikininyeshea, nikimpa habari za kitanda kinavyokwenda, na yeye akiwapa wengine. Nilikiona kitanda kikipita chini yangu kimebebwa na watu wanane, Bakari amelala juu yake akitazama mbinguni. Alinitazama mimi pia. Gari la wagonjwa lilifika ukingo wa maji, na vijana wa Ziwani waliwapokea wa Mahurunga katikati ya mkondo, kitanda kikiwa mabegani. Alifika hospitali jioni ile ile, wakamwokoa. Mguu ulipona, lakini ulikuwa mfupi kuliko mwenzake.

Fundi Mkuu alirudi kutoka Masasi, akaenda kuiona nguzo, akaandika taarifa yake: mchwa. Alisema mwenyewe mbele yetu kwamba katika mvua nzito mchwa wanaweza kuila nguzo kwa miezi mitatu, hivyo ukaguzi si wa kulaumiwa. Jambo lilikwisha. Hakuna aliyeniuliza chochote. Watu walinisifu kwa kupanda na buti moja. Mke wa Mkuu wa Kituo aliniletea maandazi.

Nilikaa nalo siku sita. Chakula kilinikataa. Salma akaniuliza, nikamwambia yeye kwanza, tukiwa Shangani, na nilipofika kwenye mkesha wa harusi yake akaweka mkono mdomoni.

"Kwa hiyo ni kwa ajili yangu?"

"Si kwa ajili yako. Usilibebe. Ni kwa ajili yangu."

"Basi twende hospitali," akasema. "Nitakusubiri mlangoni. Ndani utaingia peke yako."

Bakari alikuwa amelala, mguu umening'inizwa kwa kamba na mawe. Mama yake alikuwa ameketi chini kando ya kitanda. Nilimwamkia, nikapiga magoti, nikasema yote kwa Kiswahili chepesi ili naye aelewe: kwamba sikuigonga, kwamba niliandika uongo, na kwamba aliponiuliza nilisema uongo mara ya pili. Kiswahili cha mama kilikuwa cha kutafuta.

"Ming'oko yangu ulikula," akasema. "Uliniita mama."

"Ndiyo, mama."

Bakari alikuwa amegeuza uso ukutani. "Ondoka kwanza," akasema. Hakupandisha sauti.

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwa Mkuu wa Kituo. Alikuwa na Fundi Mkuu ofisini. Nikarudia yote. Mkuu wa Kituo alivua miwani.

"Kwa nini unaniambia? Taarifa imeshaandikwa. Ni mchwa."

"Mchwa hawakutia saini, mzee. Mimi ndiye niliyetia."

Nilitarajia kufukuzwa, na barua ya kumweleza baba nilikuwa nimeianza. Mkuu wa Kituo alisema atalazimika kuandika makao makuu, na kwamba kwa mapendekezo yake nitapewa onyo kali na sitapanda nguzo kwa miezi sita. Fundi Mkuu aliinuka akachukua kofia.

"Zimebaki nane," akaniambia. "Chukua nyundo."

Tulikwenda siku ile ile. Kila nguzo niliigonga, yeye amesimama nyuma yangu, na nilitakiwa kusema kwa sauti: nzima, au imeliwa. Tatu zaidi zilikuwa zimeliwa. Nilizipaka rangi nyekundu huku nikihesabu moyoni watu ambao wangepanda. Tulipomaliza alikaa juu ya jiwe akatoa tumbaku yake.

"Mimi niliwahi kuruka nguzo saba," akasema. "Hakuna aliyeanguka. Kwa hiyo sikumwambia mtu." Akavuta tumbaku puani. "Wewe ni wa kwanza kuambiwa."

Miezi sita nilifanya kazi za chini: kuchimba mashimo, kukunja waya, kubeba. Bakari alitoka hospitali na fimbo. Kupanda asingeweza tena, na watu walidhani atarudi Ziwani kulima. Ni Salma aliyekwenda kwa Mkuu wa Kituo na kumwambia kwamba bodi inahitaji mtu anayeijua laini kwa miguu, mtu ambaye mteja akisema "nasikia kelele kama mvua" atajua ni kikombe gani kimepasuka. Hivyo Bakari akaketi bodini, na Salma akamfundisha kama alivyonifundisha mimi. Mimi na Bakari tulisalimiana asubuhi, "Habari za kwako," "Nzuri," basi. Nami sikudai zaidi.

Siku adhabu ilipoisha, Fundi Mkuu alinipeleka laini ile ile. Palikuwa na nguzo mpya pale ilipoanguka ya zamani. Nilisimama chini yake nimefunga vipandio, na kabla ya kupanda ilikuwa desturi kuunganisha simu ya majaribio kwenye waya ulioteremshwa kando ya nguzo na kuijulisha bodi. Nikazungusha.

"Mtwara," akasema Bakari.

"Fundi laini hapa. Naomba ruhusa ya kupanda."

Waya ulivuma kama nyuki wa mbali.

"Nguzo hiyo umeigonga?"

"Nimeigonga."

"Igonge tena nisikie."

Nikashika kipokeo kwa mkono mmoja nikakisogeza kwenye nguzo, na kwa mkono wa pili nikapiga nyundo, mara tatu, kiunoni. Nikainama, mara tatu, karibu na ardhi. Nikarudisha kipokeo sikioni. Nilimsikia akipumua.

"Panda, Dada Leo," akasema.

Tangu siku ile, kwa miaka yote tuliyokuwa naye, hakuna nguzo niliyopanda bila Bakari kusikia mlio wake, na hakuna aliyeona ajabu. Mafundi waliokuja baadaye walidhani ni kanuni ya shirika. Walifanya hivyo hivyo, nasi hatukuwasahihisha.

Baadaye nilihamishwa: Newala, ambako baridi inaingia kwenye mifupa, Masasi, chini ya Meneja mmoja aliyependa mikutano kuliko simu, Lindi miaka mitano, nilikoolewa na mwalimu wa hesabu mwenye subira, kisha nikarudi Mtwara nikiwa Fundi Mkuu mwenyewe, wa kwanza mwanamke mkoani humo. Bodi iliondolewa, zikaja mashine zinazojiunganisha zenyewe. Salma alihamia uhasibu akalalamika kwamba namba hazina sauti. Kisha ikaja minara, na watu wakaanza kuongea wakitembea. Waya za shaba za Mahurunga nilizishusha mimi mwenyewe na vijana wangu. Bakari alikuwa amekwisha kustaafu. Alikuja na fimbo yake kutazama, tukala ming'oko. Mama yake alikuwa ametangulia. Miaka miwili kabla ya kufa aliniita mwanangu tena, na siku hiyo nililia barabarani kama mtoto.

Vijana huniuliza kama sihuzuniki kwamba kazi yangu haipo tena. Sihuzuniki. Kazi ilikuwa kuwafanya watu wasikilizane, na wanasikilizana zaidi sasa, hata kama wengi wanatumiana vichekesho. Wengine huniuliza siri ya kudumu kazini. Siijui. Najua tu kwamba ukiwa na miaka ishirini na kidogo utakosea, na kosa lenyewe mara nyingi litakuwa dogo, la kukimbilia harusi. Tafuta mapema marafiki wa kukusindikiza mpaka mlangoni.

Siku ya kunistaafisha walinipa cheti, vitenge na hotuba. Nikaenda nyumbani, nikalala. Asubuhi nikaamka saa kumi na moja na nusu kama kawaida, nikavaa, nikanywa chai, na nilikuwa nimefika getini mwa kituo ndipo mlinzi akaanza kucheka.

"Mama, si jana tu tumekuaga?"

Nikacheka naye, nikaomba kiti nipumzike kabla ya kurudi. Hapo wakatoka mafundi wa siku hizi, wawili wa kike na mmoja wa kiume, wamevaa kofia za njano, wanabishana juu ya ramani. Kulikuwa na kebo ya zamani chini ya barabara ya bandarini, walitaka kupitisha mpya pembeni yake, na ramani haikuionyesha. Binti mmoja akaniona.

"Mama, shikamoo. Eti wewe unaijua ilipopita?"

"Marahaba. Niliifukia mimi."

Wakatazamana. Yule wa kiume akafungua mlango wa mbele wa gari akapangusa kiti. Nikapanda. Kule bandarini nilipiga hatua kumi na nne kutoka ukuta wa forodha, nikakanyaga chini, nikawaambia, "Hapa." Wakachimba. Ilikuwa hapo.